Mshale wa begani: safari za kombora la Strela-2 Afrika Mashariki

Leo naweka kando mambo ya lugha za programu. Au niseme naweka kando nusu tu, maana mwisho wa safari hii tutarudi kwenye hifadhidata, na mtaona kwa nini.

Nataka tuzungumze kuhusu silaha ambayo wengi wetu tumeisikia redioni bila kuelezwa ni kitu gani hasa: kombora la kudungua ndege ambalo mtu mmoja hulibeba begani. Kuna aina nyingi, lakini iliyoingia sana katika historia ya Afrika ni moja, ya Kirusi, iitwayo Strela-2. Neno "strela" kwa Kirusi maana yake ni mshale. Wanajeshi wa nchi za Magharibi waliita SA-7, na wapiganaji wengi wa Afrika waliijua kwa jina la SAM-7.

Utaniuliza: wewe mtu wa kuandika programu, tena mtoto wa Funyula, unatafuta nini kwenye makombora? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni udadisi wa kiufundi. Ndani ya bomba lile kuna mashine inayofanya uamuzi yenyewe, na iliundwa kabla kompyuta ndogo hazijakuwepo. Ya pili ni kwamba mimi ni mtu wa mpakani. Funyula iko katika nchi ya Wasamia, kati ya mji wa Busia na Ziwa Victoria, na Wasamia wako Kenya na wako Uganda. Mbunge wetu wa miaka mingi, Moody Awori, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Ndugu yake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001, na baadaye akawa waziri wa teknolojia ya habari na mawasiliano wa nchi hiyo. Familia moja, serikali mbili. Ukikulia mahali kama hapa unajua mapema kwamba mpaka umechorwa kwenye karatasi, na mizigo haisomi karatasi. Na hadithi ya Strela-2 katika eneo letu, ukiifuatilia vizuri, ni hadithi ya mzigo uliovuka mipaka.

MSHALE ULIVYOZALIWA

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndege za kivita zilianza kutumia injini za jeti. Zikawa na kasi mno kwa mizinga ya zamani, na zilipoogopa rada zilijifunza kuruka chini chini, karibu na miti. Askari wa miguu akabaki bila kinga. Bunduki yake haikufaa kitu, na mitambo mikubwa ya makombora ilikuwa nyuma kabisa, ikivutwa na malori.

Wamarekani ndio walioanza kutafuta jibu, wakaunda kombora lao la Redeye. Wasovieti wakajibu kutoka mji wa Kolomna, kusini mashariki mwa Moscow. Ofisi ya usanifu ya huko iliongozwa na Boris Shavyrin. Alipofariki mwaka 1965 kazi ikaendelezwa na Sergei Nepobedimy, ambaye jina lake la ukoo kwa Kirusi lina maana ya "asiyeshindwa". Strela-2 ikaingia rasmi jeshini mwaka 1968.

Tazama vipimo vyake. Bomba na kombora pamoja vilikuwa na uzito wa takriban kilo 15, na urefu wake haukufika mita moja na nusu. Kichwa cha kulipuka kilikuwa na uzito wa kilo moja na kitu. Kiliweza kufika kilomita tatu na zaidi kidogo, tena kwa ndege za chini tu. Ndege ya abiria ikishapanda na kushika njia yake ya kawaida, kilomita kumi juu ya vichwa vyetu, Strela-2 haiwezi hata kuikaribia. Iliundwa kumlinda askari dhidi ya ndege inayomshambulia pale alipo.

Sasa tuje kwenye jicho. Puani mwa kombora kuna kidude kinachohisi joto, yaani mionzi ile ambayo macho yetu hayaioni lakini ngozi huihisi ukikaa karibu na jiko. Mbele ya kidude hicho kuna kisahani kinachozunguka chenye mistari myeusi na sehemu zinazopitisha mwanga. Joto la injini linapopita kwenye kisahani hicho hukatwa katwa, na mpangilio wa vipande hivyo hueleza chanzo cha joto kiko upande gani. Ishara hiyo ndiyo inayogeuza mapezi madogo ya kombora. Ndugu zangu wa programu, hapo hakuna msimbo hata mstari mmoja. Hakuna kumbukumbu, hakuna prosesa. Ni umeme, vioo na mzunguko.

Ndiyo maana pia lilikuwa jicho la kijinga. Toleo la kwanza liliiona ndege vizuri ilipokuwa imeshapita na kuonyesha mkia. Lingeweza kudanganywa na jua, au na tochi za moto zinazodondoshwa na rubani. Zaidi ya yote, jicho hilo halikuuliza "wewe ni nani?" Lilifuata joto, basi. Joto la ndege ya adui na joto la ndege ya ndugu yako vilikuwa kitu kimoja. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

VITANI

Misri ndiyo iliyoijaribu kwanza kwenye vita vya kweli, mwaka 1969, dhidi ya ndege za Israel karibu na Mfereji wa Suez. Mwaka 1972 ikaonekana Vietnam. Katika vita vya Oktoba 1973 Waarabu walifyatua makombora haya kwa wingi, na hapo ndipo udogo wa kile kichwa cha kilo moja ulipoonekana. Ndege nyingi za Israel aina ya Skyhawk zilipigwa mkiani na bado zikarudi nyumbani. Mafundi wa Israel waliongeza urefu wa bomba la moshi la ndege hizo, ili kombora likilipuka lilipukie mbali kidogo na sehemu nyeti. Mimi hupenda sana majibu ya namna hii: kipande cha bati dhidi ya teknolojia ya siri ya dola kubwa.

Afrika ikafuata upesi. Machi 1973 wapiganaji wa PAIGC huko Guinea-Bissau walianza kuziangusha ndege za Ureno. Wareno walikuwa wametawala anga ile kwa miaka kumi, na ghafla marubani wao wakawa wanahesabu gharama ya kila safari. FRELIMO, waliokuwa na kambi Nachingwea kusini mwa Tanzania, nao walipata makombora haya kabla vita vyao havijamalizika mwaka 1974. Kwa vyama vya ukombozi mshale huu ulikuwa kama kusawazisha mzani. Watu wasio na ndege hata moja waliweza kumwambia mwenye ndege ashuke chini.

Lakini silaha haina katiba ya chama. Septemba 1978 wapiganaji wa ZIPRA waliangusha ndege ya abiria ya Air Rhodesia iliyotoka Kariba. Februari 1979 wakaangusha nyingine, na watu wote 59 waliokuwa ndani wakafa. Ukawa mlango mpya, na ulipofunguliwa haukufungwa tena.

KAGERA

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania na kuteka eneo la kaskazini ya mto Kagera. Sisi wa Busia na Malaba tunaikumbuka vita hiyo kwa upande wake wa mwisho, wakati watu waliokuwa wakikimbia Uganda walipopitia kwetu. Lakini ilianzia kule magharibi ya ziwa, na kwa sehemu kubwa ilianza angani, kwa ndege za Amin kushambulia upande wa Tanzania.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa na Strela-2 miongoni mwa silaha zake za kulinda anga. Vita vilipoendelea ndege za Amin zilizidi kupungua, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 jeshi lake la anga lilikuwa limekwisha.

Lakini kuna tukio la siku za mwanzo ambalo halisimuliwi sana. Ndege tatu za kivita za Tanzania yenyewe, zikiwa njiani kurudi kituoni Mwanza, zilipita karibu na Musoma. Walinzi wa anga wa Tanzania wakadhani ni adui. Wakaziangusha zote tatu.

Sisemi hivi kuwacheka. Walikuwa vijana waliosikia kwamba nchi imevamiwa, wakaona ndege, na walikuwa na sekunde chache za kuamua. Nasema hivi kwa sababu tukio hilo linaonyesha tatizo ambalo jeshi lolote hulipata likitawanya uwezo wa kudungua ndege kwa watu wengi. Kombora la begani linampa kijana mmoja mamlaka ambayo zamani yalikuwa ya kikosi kizima chenye rada na simu ya makao makuu. Swali la "wewe ni nani?" ambalo jicho haliulizi lazima liulizwe na mtu au na mpangilio mwingine. Bila mpangilio huo, mshale hauchagui.

NAIROBI 1976

Turudi nyuma kidogo. Watu wengi wanajua mkasa wa Entebbe, wa kuanzia Juni 27 hadi usiku wa Julai 3 kuamkia 4, 1976, ambapo ndege ya Air France ilitekwa na kupelekwa Uganda, na makomando wa Israel wakaja kuwachukua mateka. Wachache wanajua sura iliyotangulia.

Januari 1976 polisi wa Kenya waliwakamata watu karibu na uwanja wa ndege wa Nairobi wakiwa na makombora ya Strela-2. Shabaha yao ilikuwa ndege ya abiria ya El Al. Siku chache baadaye wakakamatwa Wajerumani wawili, mwanamume na mwanamke, waliokuja kufuatilia kilichowapata wenzao. Jumla wakawa watano. Kenya haikutangaza neno. Watu hao walikabidhiwa kwa Israel kimya kimya, na Israel ilikiri kwamba inawashikilia mwaka 1977 tu.

Watekaji wa Entebbe walipotoa orodha ya wafungwa waliotaka waachiliwe, ndani yake walikuwemo watano waliosemekana kushikiliwa Kenya. Serikali ya Kenya ikasema haina watu hao. Kwa hiyo kombora ambalo halikufyatuliwa Nairobi liliacha kivuli chake Entebbe miezi mitano baadaye. Na Kenya ikawa imepata onyo lake la kwanza kwamba silaha ya jeshi la Kisovieti inaweza kufika kando ya barabara ya Embakasi.

MOMBASA 2002

Onyo la pili lilichelewa kwa miaka 26. Alhamisi tarehe 28 Novemba 2002 asubuhi, ndege ya Boeing 757 ya kampuni ya Arkia ya Israel ilipaa kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, ikielekea Tel Aviv. Ndani yake mlikuwa na abiria 261 na wahudumu 10. Haijapanda mbali, makombora mawili ya familia ya Strela-2 yakafyatuliwa kutoka nje ya uwanja. Marubani waliona michirizi miwili ya moshi mweupe ikipita karibu na ndege. Yote mawili yalikosa. Ndege ikaendelea na safari yake, na ilipokaribia nyumbani ikasindikizwa na ndege za kivita hadi ikatua salama.

Dakika chache baada ya hapo gari lililojaa vilipuzi liligonga lango la hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa. Hoteli ilikuwa inapokea wageni wa Israel waliowasili asubuhi hiyo hiyo. Waliuawa watu 13, ukiacha washambuliaji wenyewe. Watatu walikuwa Waisraeli, wawili kati yao wakiwa watoto. Kumi walikuwa Wakenya. Baadhi ya hao kumi walikuwa wachezaji ngoma, watu wa pwani waliokuja kazini kama kila siku ili kuwakaribisha wageni kwa nyimbo.

Mwaka ule mimi nilikuwa mtoto mdogo na sikumbuki lolote. Lakini nilipoanza kusoma habari hizi nikiwa chuoni nilishangaa jambo moja. Dunia iliandika sana juu ya makombora yaliyokosa na kidogo sana juu ya wachezaji ngoma. Nafahamu sababu. Makombora yaliogopesha kila shirika la ndege duniani. Mwezi Mei 2003 Uingereza ilisimamisha ndege zake za abiria kwenda Kenya kwa zaidi ya mwezi mmoja kwa hofu ya shambulizi jingine, na hoteli za pwani zikaumia. Madereva wa teksi, wauza vinyago, wapishi, wote walilipa bei ya kombora ambalo halikumgusa mtu.

Kwa nini yalikosa? Zimetolewa nadharia nyingi, kuanzia uzee wa makombora hadi uvumi wa vifaa vya siri ndani ya ndege. Sitaongeza yangu. Mimi swali lililonikaa kichwani ni jingine: yalifikaje Mombasa?

NAMBARI NDOGO KWENYE BOMBA

Polisi walipopekua eneo la Changamwe walipata mabomba matupu yaliyotupwa. Na mabomba hayo, kama kila silaha inayotoka kiwandani, yalikuwa na nambari za siriali zilizogongwa juu yake. Hapa ndipo tunaporudi kwenye fani yangu.

Kazi ninayofanya kwa mkate wangu ni kutengeneza programu za kuhesabu mali ghalani. Ukitaka kujua mfumo wangu umejengwa vipi, ni kanuni tatu tu. Kila kitu kina nambari yake ya pekee. Kila kinapohama, mstari mpya unaandikwa: kimetoka wapi, kimekwenda wapi, nani amepokea, lini. Na hakuna ruhusa ya kufuta mstari. Ukikosea unaandika mstari mwingine wa kusahihisha. Mfanyabiashara wa sukari anajua umuhimu wa jambo hili. Serikali zenye makombora ghalani mara nyingi hazikujua, au hazikutaka kujua.

Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakifuatilia vikwazo vya silaha vya Somalia walizichukua nambari za Mombasa na kuanza kuuliza. Katika ripoti yao ya Novemba 2003 walieleza njia: makombora yalipitia Yemen, yakaingia Somalia, yakaletwa Kenya kwa bahari. Wamarekani nao walieleza kwamba nambari hizo zilikaribiana na za bomba lililookotwa Mei 2002 karibu na kituo cha jeshi la anga cha Prince Sultan, Saudia. Yaani zilitoka kwenye fungu moja. Fikiri kidogo. Matukio mawili, nchi mbili, miezi sita kati yake, na kinachoyaunganisha ni tarakimu zilizogongwa kwenye chuma miaka mingi kabla.

Sasa linganisha na Kigali. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Falcon 50 ya Rais Juvénal Habyarimana ilidunguliwa kwa makombora ilipokuwa ikitua, ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Watu wote 12 walikufa, akiwemo Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza ndani ya saa chache. Baadaye jeshi la serikali ya wakati ule lilidai kuwa limeokota mabomba mawili, na afisa mmoja akanakili nambari zake. Nambari hizo zilitumiwa na upande mmoja kuulaumu mwingine kwa miaka mingi. Lakini mabomba yenyewe yalipotea, na hakuna mtaalamu huru aliyewahi kuyaweka mezani. Mahakimu wa Ufaransa walichunguza kwa karibu miaka ishirini, na kesi ikafungwa bila mtu kuhukumiwa. Rufaa ya mwisho ilikataliwa mwaka 2022. Huo ndio upande wa pili wa somo. Nambari bila kitu chake, na bila daftari linaloaminika, si ushahidi bali ni chanzo cha ubishi.

Mfano wa tatu ni Mogadishu. Tarehe 23 Machi 2007 ndege ya mizigo ya Il-76 kutoka Belarus iliangushwa muda mfupi baada ya kupaa, na watu wote 11 wakafa. Wengi wao walikuwa mafundi waliofuata vifaa vya ndege nyingine iliyokuwa imeharibika wiki mbili kabla ikiwapelekea mahitaji walinda amani wa Uganda. Safari hii kombora lilikuwa Igla, mdogo wake Strela, ambalo jina lake maana yake ni sindano. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliwauliza Warusi juu ya kombora la aina hiyo lililoonekana Somalia. Jibu lilikuja: limetengenezwa mwaka 1995 na likauzwa Eritrea. Serikali ya Eritrea ilikana. Lakini angalau safari hii swali lilikuwa na jibu lililoandikwa mahali, na mwenye kukana ilibidi akane mbele ya dunia nzima.

MAREKEBISHO YAPI?

Baada ya Mombasa watu walitaka suluhisho la kiufundi. Israel ilianza kuzifunga ndege zake za abiria vifaa vya kinga. Marekani ikapiga hesabu. Mwaka 2005 taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria kwamba kuzifunga ndege zote za abiria za nchi hiyo kinga dhidi ya makombora haya kungegharimu takriban dola bilioni 11 kuanzia, kisha dola bilioni mbili na kitu kila mwaka. Hata Marekani ilisita. Shirika la ndege la Afrika litafanya nini?

Njia nyingine ilikuwa ya bei nafuu na isiyo na mvuto. Mwaka 2003 makombora ya begani yaliingizwa kwenye rejista ya Umoja wa Mataifa ya silaha za kawaida, ambapo nchi huripoti zinachouza na kununua. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Mwaka 2005 ikaundwa RECSA, taasisi ya kanda yenye makao yake Nairobi, ambayo moja ya kazi zake imekuwa kuzipa nchi wanachama mashine za kugonga alama kwenye silaha za serikali. Desemba mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha utaratibu wa kimataifa wa kuziwekea silaha alama na kuzifuatilia. Na makumi ya maelfu ya makombora ya zamani yameharibiwa kwenye maghala ya nchi mbalimbali.

Kisha mwaka 2011 Libya ikasambaratika. Marekani ilikadiria kwamba serikali ya Gaddafi ilikuwa imenunua makombora ya begani yapatayo 20,000 kwa miaka mingi. Mengine yaliteketea kwa mabomu ya NATO, mengine yakakusanywa, mengine yakaondoka na upepo wa jangwani. Ghala likifunguliwa bila daftari, hakuna anayeweza kusema ni mangapi hayapo. Hili ndilo linalonitisha kuliko jicho la kombora lenyewe. Kinachojulikana kimepotea kinaweza kutafutwa. Kisichohesabiwa hakina hata wa kukitafuta.

MPAKANI KWETU

Busia ndiko inakosemekana neno boda boda lilizaliwa, kutokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Siku hizi ni pikipiki, na pikipiki huibwa. Yeyote wa huku anajua kinachofanyika pikipiki ikikamatwa upande wa pili: polisi huinama na kusoma nambari ya chesisi. Rangi inaweza kubadilishwa, taa zinaweza kubadilishwa, kibao cha usajili kinaweza kung'olewa. Nambari ya chesisi ndiyo inayosema. Na mwizi mzoefu huanza kazi yake hapo hapo, kwa tupa.

Tangu Februari 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha forodha, ambapo mzigo unakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Malori husonga haraka zaidi, na kumbukumbu zinaingia kwenye kompyuta. Watu hulalamika juu ya foleni na seva zilizolala, na wana haki. Lakini mimi nikitazama ile mistari ya data naona pia kitu ambacho kingeweza kuwasaidia wachunguzi wa 2002: mahali ambapo swali linaweza kuulizwa.

Waliouawa Kikambala hawakupata jibu la mahakama. Mwaka 2005 mahakama ya Nairobi iliwaachilia huru Wakenya walioshtakiwa, kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Baadhi ya waliotajwa kuwa wapangaji wakuu waliuawa Somalia miaka iliyofuata bila kupandishwa kizimbani. Aliyetoa makombora kwenye ghala la serikali fulani, aliyepokea bahasha, aliyeandika "yameharibika" kwenye fomu au asiyeandika chochote kabisa, hao hawakuitwa na hakimu yeyote. Sisi tunaojenga mifumo huwa tunaona daftari ni kazi ya kuchosha, sehemu ya programu anayopewa mgeni aliyeajiriwa juzi. Katika historia hii yote, kutoka Musoma hadi Mogadishu, maswali yaliyohitajika kujibiwa yalikuwa mawili tu: nani yuko juu kule, na kitu hiki kimetoka kwa nani. La kwanza majeshi yamelihangaikia kwa mabilioni ya dola. La pili linahitaji wino, nidhamu na mtu asiyekubali kufuta mstari.

Ni hayo kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata kama nilivyoahidi, na mkiona nasisitiza sana lile jedwali la kumbukumbu za miamala, mtajua limetoka wapi.